Kulegeza kanuni za jukwaa la majadiliano: ulinganisho wa njia nne, na ya tano iliyo ndogo

Wasimamizi wa jukwaa la majadiliano mtandaoni wanapokaa kuzungumzia malalamiko ya wanachama, mara nyingi hufikia uamuzi wa haraka kwamba kanuni zimebana mno na kwamba wakati umefika wa kuzilegeza. Uamuzi huo unaweza kuwa sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba neno "kulegeza" hubeba ndani yake mambo yasiyofanana: mmoja anafikiria kufuta baadhi ya kanuni, mwingine anafikiria kuacha ujumbe uonekane bila kusubiri kukaguliwa, wa tatu anataka watu wasifungiwe akaunti kwa kosa dogo, na wa nne angependa wanachama wenyewe ndio waamue kipi kibaki na kipi kiondolewe. Wote wanne wakinyoosha mkono kuunga mkono pendekezo moja, huondoka wakiwa wamepitisha mapendekezo manne, na mgogoro huanza siku ya kwanza ya utekelezaji.

Makala haya yanaziweka njia hizo kando kwa kando ili wanaokabiliwa na uamuzi huu wajue wanachagua nini. Siandiki kama mtu asiye na upande. Nimekuwa msimamizi wa kujitolea kwa miaka kadhaa, nimekaza pale nilipopaswa kulegeza na nimelegeza pale nilipopaswa kukaza, na nimefikia maoni kwamba njia hizi hazilingani kwa usalama wala kwa faida.

Makosa mawili na wanaoyalipia

Kila msimamizi hufanya makosa ya aina mbili. La kwanza ni kuondoa ujumbe uliostahili kubaki, na la pili ni kuacha ujumbe uliostahili kuondolewa. Hakuna kanuni zinazoweza kuyamaliza yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa anayekaza hupunguza la pili na kuongeza la kwanza, na anayelegeza hupata kinyume chake.

Mfano ulio wazi ni wa Meta, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram. Tarehe 7 Januari 2025 kampuni hiyo ilitangaza kwamba nchini Marekani itaacha kutumia mashirika ya nje ya kuhakiki habari, na kwamba mifumo yake ya kompyuta itaelekezwa kwenye makosa makubwa kama ugaidi, dawa za kulevya, utapeli na unyanyasaji wa watoto, huku makosa madogo yakisubiri mtu ayaripoti kwanza. Ripoti yake ya robo ya kwanza ya mwaka huo ilieleza kwamba makosa ya utekelezaji nchini Marekani, yaani maudhui kuondolewa kimakosa, yalikuwa yamepungua kwa takriban nusu. Ripoti hiyohiyo ilionyesha kwamba kwenye Facebook kiwango cha maudhui ya uonevu na unyanyasaji kilipanda kidogo, kutoka kati ya asilimia 0.06 na 0.07 hadi kati ya asilimia 0.07 na 0.08. Tarakimu hizo ni ndogo, lakini mtandao wenyewe una watumiaji wanaohesabiwa kwa mabilioni, kwa hiyo nyuma ya kila sehemu ya asilimia wapo watu wengi waliosoma walichosoma.

Ninalotaka msomaji alishike kabla ya kuendelea ni hili: makosa hayo mawili hayana mdai wa aina moja. Aliyefutiwa ujumbe wake bila haki hulalamika, huandika kwa wasimamizi, hufungua uzi mpya (yaani mjadala mpya) wa kudai maelezo, na marafiki zake humuunga mkono. Aliyetukanwa kwenye uzi ulioachwa uendelee hufunga ukurasa na kuondoka, na wiki tatu baadaye hakuna anayekumbuka kwamba alikuwa anachangia. Kwa sababu hiyo malalamiko yanayomfikia msimamizi huegemea upande mmoja daima, na mtu anayeyatumia kama kipimo pekee cha hali ya jukwaa atalegeza kila mwaka bila kujua anampoteza nani. Katika kila njia nitakayoijadili, swali la kuulizwa ni gharama yake inaangukia nani, na je, mtu huyo ana sauti ya kusikika?

Kufuta kanuni au kuzieleza upya

Njia ya kwanza inayowajia watu akilini ni kupunguza orodha ya kanuni. Ina mvuto wake, kwani orodha ya kanuni ishirini na tano haisomwi na mtu, na baadhi yake huwa ziliandikwa kwa ajili ya mgogoro mmoja uliokwisha zamani. Kanuni ambayo haijatumika kwa miaka miwili, au ambayo wasimamizi watatu huitafsiri kwa namna tatu, inafaa kufutwa.

Lakini wanaopendekeza kufuta kanuni kwa ajili ya kuwavutia wageni huanzia kwenye dhana kwamba kanuni ndizo zinazowafukuza wageni. Dhana hiyo imewahi kupimwa. Mtafiti J. Nathan Matias alifanya jaribio katika jumuiya ya sayansi iliyoko Reddit, mtandao wenye makundi mengi ya majadiliano; jumuiya hiyo wakati huo ilikuwa na wanachama zaidi ya milioni 13, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2019. Baadhi ya nyuzi zilipewa tangazo la kanuni juu kabisa, na nyingine hazikupewa, kwa bahati nasibu. Pale kanuni zilipotangazwa, uwezekano wa mgeni kuzifuata uliongezeka kwa zaidi ya pointi 8 za asilimia, na ushiriki wa wageni uliongezeka kwa wastani wa asilimia 70. Wageni waliona kanuni, wakajua jukwaa lina wenyewe na kwamba hawatashambuliwa, wakaingia. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni naye hutaka kujua amefika kwenye nyumba ya namna gani kabla ya kuvua viatu.

Upo ushahidi wa upande wa pili, na ni lazima uwekwe mezani kwa uzito uleule. Wikipedia ya Kiingereza ilianza kupoteza wahariri wake hai baada ya mwaka 2007, na utafiti wa Aaron Halfaker na wenzake uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba sehemu ya sababu ilikuwa ukali dhidi ya wageni wenye nia njema: michango yao iliondolewa mara nyingi zaidi kuliko zamani, programu za kuondoa uharibifu ziliwakataa bila mazungumzo, na kanuni zenyewe zilikuwa zimekuwa ngumu kubadilishwa na mtu aliyeingia karibuni. Kwa hiyo, kubana kunaweza kweli kuiua jumuiya polepole.

Tukizisoma tafiti hizo mbili pamoja, hazipingani. Kilichowavuta wageni katika ile ya kwanza ni kanuni zilizotajwa mapema, na kilichowafukuza katika ile ya pili ni utekelezaji wa ghafla usio na maelezo. Msimamizi anayelegeza kwa kufuta kanuni huku akiacha tabia ya kufuta ujumbe kimyakimya atakuwa amewanyima wageni kile kilichowavutia na kuwaachia kile kinachowafukuza. Ukilazimika kuchagua kati ya kufuta kanuni tano na kuziandika upya zile tano kwa lugha nyepesi yenye mfano mmoja mmoja, chagua la pili. Kazi yake ni kubwa zaidi, lakini haileti hatari yoyote.

Ziko pia kanuni ambazo nisingeziweka kabisa kwenye meza ya kulegezwa. Ninazungumzia katazo la kushambulia mtu badala ya hoja yake, katazo la kuanika taarifa binafsi za mtu, na katazo la vitisho. Ukiziondoa hizo, hakuna njia nyingine katika makala haya itakayoweza kufidia.

Kukagua kabla au kukagua baada

Hapa ndipo ulinganisho una faida kubwa zaidi kwa jumuiya nyingi, na ndipo ningependa wasimamizi watumie muda wao.

Katika ukaguzi wa kabla, ujumbe huingia kwenye foleni na hauonekani mpaka msimamizi auruhusu. Katika ukaguzi wa baada, ujumbe huonekana papo hapo na huondolewa ikiwa utaripotiwa au msimamizi ataukuta. Tofauti ya kwanza ni mwendo. Mjadala ni jambo la kupokezana, na jibu linalochelewa kwa saa tisa hufika wakati aliyeuliza ameshalala na wengine wameshahamia kwenye mada nyingine. Foleni huua mjadala hata pale ambapo haikatai ujumbe hata mmoja, na wasimamizi hushindwa kuliona hilo kwa sababu takwimu zao zinaonyesha kwamba karibu kila kitu kiliruhusiwa. Kama foleni yako huruhusu ujumbe tisini na tisa kati ya mia, basi umewachelewesha watu tisini na tisa ili kumzuia mmoja, na inafaa ujiulize kama huyo mmoja angeleta madhara makubwa kiasi hicho katika dakika ishirini ambazo ujumbe wake ungeonekana.

Tofauti ya pili ni hatari ya mafuriko. Usenet, mtandao wa makundi ya majadiliano uliobuniwa mwaka 1979, ulikuwa na makundi ya aina zote mbili: yale ambayo ujumbe ulipita kwanza kwa msimamizi, na yale yaliyokuwa wazi. Mwezi Aprili mwaka 1994 mawakili wawili wa Marekani, Laurence Canter na Martha Siegel, walituma tangazo moja la biashara ya huduma za uhamiaji kwenye maelfu ya makundi kwa mpigo. Tukio hilo hukumbukwa kama mojawapo ya mwanzo wa matangazo taka kwa kiwango kikubwa. Makundi ya wazi hayakuwa na ukuta wowote wa kuyazuia, na kila mwaka uliofuata ulizidisha mzigo. Leo kazi ya mawakili wale hufanywa na programu inayojisajili yenyewe na kuandika ujumbe mia kwa dakika, kwa hiyo jukwaa linalofungua mlango wote usiku mmoja linaweza kuamka likiwa jaa la matangazo.

Tofauti ya tatu hutajwa mara chache, nayo ni ya wasimamizi wenyewe. Wengi huhamia kwenye ukaguzi wa baada wakiamini watapumzika. Foleni ni kazi inayochosha, lakini msimamizi huifanya kwa saa anayoichagua mwenyewe, ilhali ripoti huja wakati wowote na huja na hasira. Ujumbe wa matusi ulioachwa wazi tangu usiku wa manane huwa tayari umejibiwa na watu kumi na wawili kufikia asubuhi, na sasa una ujumbe kumi na tatu wa kushughulikia. Kwa jukwaa lenye msimamizi mmoja, ukaguzi wa baada unaweza kuongeza kazi badala ya kuipunguza.

Kwa bahati nzuri, uchaguzi si wa ama hiki ama kile. Wikipedia ya Kijerumani ilianza mwezi Mei mwaka 2008 kutumia utaratibu ambao mabadiliko yaliyofanywa na watu wasiosajiliwa au wapya hayaonekani kwa wasomaji wa kawaida mpaka mhariri mwenye uzoefu ayapitie, wakati mabadiliko ya wazoefu huonekana mara moja. Stack Overflow, jukwaa la maswali ya uandishi wa programu lililoanza mwaka 2008, hutoa uwezo kwa ngazi: kwa miaka mingi mtu alihitaji pointi 15 za sifa ili aweze kupigia kura ujumbe anaoupenda, 50 ili aweze kutoa maoni popote, na 3,000 ili aweze kupiga kura ya kufunga swali. Katika mifumo yote miwili, imani hupatikana kwa kuchangia, na anayebanwa ni yule tu ambaye jumuiya bado haimjui.

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza mbele ya zote. Ruhusu wanachama wa zamani waandike bila foleni. Waweke wageni kwenye foleni kwa jumbe zao tatu au tano za mwanzo. Zuia viungo na picha kwa akaunti yenye umri wa siku chache. Kasi ya mjadala hurudi karibu yote, matangazo taka hukwama mlangoni, na gharama huwaangukia wageni kwa siku mbili tatu. Gharama hiyo ni halisi na wasimamizi wasiibeze. Wana wajibu wa kuipitia foleni hiyo fupi haraka, kwa kuwa mgeni anayesubiri siku nzima kuona ujumbe wake wa kwanza hana sababu ya kuandika wa pili.

Kulegeza adhabu

Jukwaa linaweza kubaki na kanuni zake zote na bado likawa na huruma zaidi. Badala ya kumfungia mtu akaunti moja kwa moja, humpa onyo. Badala ya kumfungia daima, humfungia kwa siku saba. Badala ya kuufuta ujumbe kimya, huuondoa na kumweleza sababu. Kati ya hatua hizo, maelezo ndiyo yenye faida ya hakika zaidi. Utafiti wa Shagun Jhaver na wenzake uliochapishwa mwaka 2019, uliochambua mamilioni ya machapisho ya Reddit, uligundua kwamba kutoa maelezo ya kuondolewa kulihusiana na kupungua kwa uwezekano wa mtu huyo kuondolewa chapisho jingine baadaye. Maelezo hayahitaji kuwa marefu. Sentensi mbili zinatosha: ya kwanza itaje kanuni, na ya pili itaje maneno yaliyoivunja.

Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi na kuligeuza jambo hilo kuwa sheria. Sheria yake ya Huduma za Kidijitali, ambayo imekuwa ikitumika kikamilifu tangu tarehe 17 Februari 2024, inayataka majukwaa yampe mtu sababu ya kuondolewa kwa maudhui yake, na yale yasiyo madogo yaweke pia utaratibu wa ndani wa malalamiko. Jumuiya ndogo imesamehewa baadhi ya masharti hayo, lakini ingefanya vyema kuyaiga kwa hiari.

Msamaha wa jumla ni jambo jingine kabisa. Mwezi Novemba mwaka 2022, wiki chache baada ya Elon Musk kuinunua Twitter kwa dola bilioni 44, alitangaza msamaha kwa akaunti zilizokuwa zimesimamishwa, isipokuwa zilizovunja sheria au kusambaza matangazo taka. Uamuzi huo uliwarudisha kwa pamoja watu waliofungiwa kwa makosa ya wasimamizi na watu waliofungiwa kwa kuwatesa wengine, bila kuwapa waliotendewa nafasi ya kusema lolote. Ulinganishe na rufaa ya mtu mmoja mmoja, ambayo ni polepole na inachosha, lakini humlazimisha msimamizi kufungua kumbukumbu na kujiuliza ni nani aliyekuwa upande wa pili wa ugomvi ule. Kwa jumuiya yenye akaunti thelathini zilizofungiwa, sioni kisingizio cha kuchagua msamaha wa jumla, kwa kuwa kazi hiyo humalizwa kwa majioni machache.

Wanaotaka kulegeza adhabu hudai pia kwamba kufukuza hakusaidii, eti waliofukuzwa huenda kufanya vilevile mahali pengine. Dai hilo lina ukweli nusu. Reddit ilipoyafunga makundi kadhaa ya chuki mwaka 2015, watafiti wakiongozwa na Eshwar Chandrasekharan waliwafuatilia watumiaji wa mawili kati yake na kuchapisha matokeo mwaka 2017. Walioondoka kabisa walikuwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, na waliobaki walipunguza matumizi ya lugha ya chuki kwa angalau asilimia 80, bila ya makundi waliyohamia kuonyesha ongezeko kubwa. Utafiti huo uliangalia ndani ya Reddit peke yake, kwa hiyo hautuambii walioondoka walifanya nini kwingine. Lakini kwa mtu ambaye wajibu wake ni jukwaa lake, adhabu kali kwa kosa zito imeonekana kufanya kazi. Ninachokipinga ni adhabu kali kwa kosa jepesi, na hapo ndipo kulegeza kunakofaa.

Kuwakabidhi wanachama uamuzi

Njia ya nne humtoa msimamizi katikati na kuweka kura. Slashdot, tovuti ya habari za teknolojia iliyoanza mwaka 1997, ni mfano wa zamani unaostahili kusomwa hadi leo. Wanachama wa kawaida hupewa kwa zamu pointi chache za kupandisha au kushusha maoni, pointi hizo huisha muda wake baada ya siku chache, na kila oni hupata alama kuanzia −1 hadi 5. Msomaji huchagua mwenyewe aone kuanzia alama gani. Hakuna kinachofutwa, ila kilichoshushwa hakionekani kwa asiyetaka kukiona. Mwaka 1999 iliongezwa ngazi ya pili, ambayo wanachama hupitia maamuzi ya waliopewa pointi na kusema kama yalikuwa ya haki.

Uzuri wa njia hii ni kwamba mamlaka hugawanyika na hakuna mtu mmoja wa kuchukiwa. Udhaifu wake ni kwamba kura hupima kupendwa, na kupendwa si sawa na kufaa. Katika jumuiya ambayo watu wanane kati ya kumi wana msimamo mmoja, hoja nzuri ya wale wawili itashushwa mpaka isionekane, na matusi dhidi yao yatapandishwa. Jaribio la kuuzuia udhaifu huo limo katika utaratibu wa maelezo ambayo watumiaji huyaambatanisha na ujumbe unaopotosha, ulioanzishwa na Twitter mwezi Januari mwaka 2021, ambao huonyesha maelezo pale tu yanapoungwa mkono na watu ambao kwa kawaida hawakubaliani. Wazo hilo ni zuri, lakini makubaliano ya watu wasiokubaliana huchukua muda, na maelezo yanaweza kufika wakati uzushi umeshasambaa. Jukwaa dogo halina hata idadi ya watu inayohitajika ili mahesabu hayo yawe na maana.

Historia ina onyo moja ambalo wasimamizi wengi wa leo hawalijui. LambdaMOO, ulimwengu wa maandishi uliofunguliwa mwaka 1990 na Pavel Curtis, ulikuwa na wasimamizi wakuu waliochoka kuamua migogoro ya watu. Mwezi Desemba mwaka 1992 walitangaza kwamba kuanzia hapo watakuwa mafundi wa mitambo tu, na kwamba mambo ya kijamii yabaki kwa wanajamii. Mwaka uliofuata mshiriki mmoja aliwadhalilisha wenzake kingono kwa maandishi mbele ya watu, na jumuiya ikajikuta haina chombo chochote cha kuamua la kufanya. Baada ya mabishano marefu, mmoja wa wasimamizi alimfuta mhusika kwa uamuzi wake mwenyewe, na kisha ukaundwa utaratibu wa maombi na kura za wanachama. Mwezi Mei mwaka 1996 wasimamizi wakuu walitangaza kwamba wanarudisha mamlaka mikononi mwao, kwa kuwa walikuwa wameona kwamba uamuzi wa kiufundi na uamuzi wa kijamii hauwezi kutenganishwa. Kosa la hapo halikuwa kuwaamini wanachama. Kosa lilikuwa kuondoka kwanza na kujenga utaratibu baadaye.

Na mamlaka yanaweza kulegezwa kutoka juu pia, bila kuwauliza wanaofanya kazi. Mwishoni mwa Mei mwaka 2023 kampuni inayoendesha Stack Overflow iliwaelekeza wasimamizi wa kujitolea waache, katika hali nyingi, kuondoa majibu wanayoshuku yameandikwa na akili bandia. Tarehe 5 Juni wengi wao waligoma, na mgomo huo ulidumu hadi mwezi Agosti. Anayetaka kulegeza na awaulize kwanza watu watakaopokea ripoti.

Chumba cha pembeni

Njia ya tano ni kuacha jukwaa kuu kama lilivyo na kufungua sehemu moja yenye kanuni nyepesi, kwa mabishano ya nje ya mada. Ni rahisi kuanzisha na rahisi kufunga. Ila ugomvi wa chumbani hutoka nje ukiwa na majina ya watu, na msimamizi hujikuta anatuliza kwenye ukumbi mkuu chuki iliyozaliwa pembeni. Itumike pale tu ambapo malalamiko makuu ni kwamba mada zimebanwa mno, na ionekane kwa wanachama waliokwisha kuzoeana.

Kundi gani lichague nini

Jumuiya ndogo ya watu wanaofahamiana, isiyozidi mia kadhaa, ina nafasi kubwa ya kulegeza kuliko nyingine zote, kwa sababu aibu mbele ya watu unaowajua hufanya kazi ambayo kanuni haiwezi kuifanya. Iondoe foleni na iandike upya kanuni chache. Jukwaa kubwa lililo wazi kwa kila mtu lianze na ngazi za imani, lifuatishe maelezo ya kila kinachoondolewa, na liziache kura za wanachama zipange mpangilio wa maoni badala ya kuamua kipi kifutwe. Jukwaa la maswali na majibu ya kitaalamu lilegeze lugha yake kwa wageni na lisilegeze kipimo cha ubora wa majibu, maana watu hulijia kwa ajili ya hicho.

Kundi la watu waliofiwa, wanaougua au waliopitia ukatili lisilegeze ukaguzi wa kabla hata wanachama wakiomba. Katika kundi la namna hiyo, ujumbe mmoja wa kikatili ulioonekana kwa dakika ishirini hauponyeki kwa kufutwa. Nasema hivi nikijua kwamba foleni huwaumiza hata wao, na kwamba kusubiri jibu ukiwa na majonzi ni kugumu. Dawa ya hilo ni kuongeza wasimamizi, hata kama kuwapata ni kazi.

Jinsi ya kujaribu

Kwa njia yoyote itakayochaguliwa, badilisha jambo moja kwa wakati mmoja na uweke muda, kwa mfano siku sitini. Ukiondoa foleni na kupunguza adhabu katika wiki moja, kisha mambo yakaharibika, hutajua kilichoharibu ni kipi. Kabla ya siku ya kwanza, andika kwa maneno yanayoeleweka ni dalili zipi zitakurudisha ulikotoka, na uwaonyeshe wanachama maandishi hayo, kwa kuwa kukaza tena bila ahadi ya awali huonekana kama kisasi.

Usihesabu ripoti peke yake, wala wingi wa ujumbe peke yake, kwani ugomvi huongeza vyote viwili na kuufanya uharibifu uonekane kama uhai. Chukua orodha ya wanachama mia walioandika angalau mara moja katika mwezi uliotangulia mabadiliko, kisha angalia kila baada ya wiki mbili ni wangapi bado wanaandika. Pale jina lililozoeleka linapokosekana, mwandikie mtu huyo faraghani umuulize habari zake. Majibu machache ya namna hiyo yamenifundisha mengi kuliko kura zote za maoni nilizowahi kuendesha, maana yalitoka kwa watu ambao wasingeandika malalamiko kamwe.

Tangazo la mabadiliko litaje kanuni au utaratibu unaolegezwa, tarehe ya kuanza, tarehe ya tathmini, na jina la msimamizi wa kuulizwa. Liseme pia bayana yale ambayo hayajabadilika, kwa kuwa kila tangazo la kulegeza husomwa na wachache kama ruhusa ya kila kitu. Na kama kanuni imefutwa kabisa, wapo watu waliofungiwa kwa sababu yake peke yake. Watafutwe kwenye kumbukumbu na waandikiwe mmoja mmoja kwamba mlango uko wazi, kabla tangazo halijawafikia wengine.